Mawaridi Yako ya Kyambogo

Nyumba za Wafanyakazi,
Kyambogo,
Kampala.
Jumapili, tarehe 25 Mei 1975.

Mpendwa Shangazi Akeyo,

Kabla ya yote nakujulia hali. Je, kile kifua kilichokusumbua tangu Januari kimetulia? Je, somo yangu Nyanya Ajwang bado anakataa kuvaa miwani yake kwa kuwa eti inamzeesha? Sisi hapa tu wazima. Mama alishikwa na malaria mwanzoni mwa mwezi, lakini amepona, na jana alipanda kilima akitoka sokoni bila kupumzika hata mara moja. Baba mzima. Mimi ni mzima, na leo ni zaidi ya mzima, ila nafuata utaratibu ulionifundisha mwenyewe: salamu kwanza, habari baadaye.

Barua yako ya Aprili ilifika. Bahasha ilikuwa imefunguliwa na kubandikwa tena na mtu asiye na subira, kwa hiyo gundi ilishika hadi kwenye karatasi, lakini maneno yote yalisomeka. Ndani nilikuta barua yangu ya Machi uliyoirudisha kwa masahihisho. Makosa kumi na moja, yote kwa wino mwekundu. Asante sana, nimeyaandika upya kwenye daftari.

Lakini kosa kubwa kuliko yote hukuliona, Shangazi. Niliandika, "Mawaridi yako yanaendelea vizuri." Sentensi hiyo uliitia alama ya vema, na pembeni ukaandika "Nimefurahi." Ilikuwa uongo. Nilipoiona ile alama nilikunja barua nikaiweka chini ya godoro, na kwa siku tatu sikuweza kuitazama.

Leo naweza kukuambia kweli yote, kwa sababu jana jioni nimehesabu maua ishirini na matatu yaliyochanua mbele ya nyumba yetu. Ishirini na matatu. Nimehesabu mara mbili, na Mama akahesabu nyuma yangu. Basi soma yanayofuata ukijua kwamba mwisho wake ni mzuri.

Ulipoondoka Desemba ile ya mwaka wa 1972, baada ya yale maneno baina yako na Baba pale langoni, ulinishika bega ukaniambia, "Mradi mawaridi yangu yapo, najua bado nina nyumba Kampala." Nilikuwa na miaka kumi na mitatu. Sijui kama unakumbuka kusema hivyo. Mimi sikusahau. Kwa miaka miwili niliyamwagilia tu na kung'oa magugu, nayo yakatoa maua kidogo kidogo, madogo kama vifungo vya shati. Nilitaka yawe mazuri zaidi. Hapo ndipo nilipokosea, maana badala ya kumuuliza mtu nilikwenda maktaba.

Unajua mimi kuuliza watu ni kazi. Kitabu hakikucheki. Nilipata kitabu kinene cha Kiingereza kuhusu mawaridi, chenye picha ya mama mmoja mzee aliyevaa koti, kofia na glavu, amesimama katikati ya bustani yake. Nilikisoma chote, hata faharasa. Kilisema mashina yakatwe sana mwishoni mwa Februari, yabaki urefu wa shubiri moja na nusu. Kilisema pia tuyazungushie nyasi kavu kwenye mizizi, rundo kubwa, ili yasidhurike kwa baridi.

Nilifanya yote mawili, Shangazi. Februari ya mwaka huu, katikati ya kiangazi, wakati udongo wa Kyambogo umepasuka na bomba linatoa maji saa moja kwa siku, nilichukua kisu cha mkate nikayakata mashina yako sita yakabaki vijiti. Kisha nikabeba nyasi kavu kutoka uwanja wa mpira, mizigo minne, nikayafunika yasione baridi. Nilifurahi sana. Niliandika tarehe kwenye daftari.

Jua liliyapiga wiki nzima. Vijiti vikageuka kahawia, kisha vyeusi kwenye ncha. Niliporudi kutoka shule nilikuwa nachutama pale nikitafuta chipukizi, na hakukuwa na kitu. Ndipo nilipokuandikia ile barua.

Sasa nikueleze jambo la Baba. Usimkasirikie. Mwaka huu foleni zimekuwa ndefu. Mama anaweza kusimama asubuhi nzima kwa ajili ya sukari na arudi na mfuko mtupu. Baba alitazama ule mstari wa mawaridi, akaona ndio udongo pekee mzuri tulio nao, kwa kuwa wewe uliulisha samadi miaka minne. Nyuma ya jiko ni changarawe tupu, unakumbuka. Siku ya kwanza ya Machi alirudi kutoka karakana na fungu la vijiti vya muhogo begani, akavilaza ukutani chini ya gunia bichi.

"Ajwang," akasema, "hivi vyako ni vijiti na hivi vyangu ni vijiti. Tofauti ni kwamba vyangu vinaliwa."

Mama alicheka. Mimi sikuweza. Nilisema kwa sauti ndogo kwamba vitachanua. Baba akaniuliza lini. Wewe unamjua kaka yako, yeye ni seremala, kila kitu lazima kiwe na kipimo. Nilitazama kalenda ya kanisa iliyo ukutani, nikataja sikukuu ya mbali kuliko zote nilizothubutu kuitaja.

"Pentekoste," nikasema.

"Haya. Pentekoste," akajibu. "Nikitoka kanisani siku hiyo, kama hakuna ua, natia jembe. Na ua ni ua. Usinionyeshe jani jekundu."

Kwa hiyo nilikuwa na wiki kumi na moja, vijiti sita vyeusi, na kitabu cha mama mwenye glavu.

Aliyeniokoa ni Mama Akwero. Humjui, alihamia nyumba ya pili baada ya wewe kuondoka. Ni Mwacholi kutoka upande wa Gulu, mume wake ni askari jeshi. Mume wake yuko safarini tangu mwaka juzi. Hatuulizi. Ana sauti kubwa, na kabla ya Machi nilikuwa nikimsalimia kwa kuinamisha kichwa tu na kupita haraka.

Siku moja alikuwa anapita na beseni akaona yale marundo yangu ya nyasi. Akayafunua kwa kidole cha mguu. Chini yake, Shangazi, mchwa walikuwa wamejenga barabara nzima za udongo. Walikuwa wamekula nyasi, na baada ya nyasi walikuwa wameanza kula magome ya mashina.

"Mutoto ya Owino," akaniita, "wewe unafuga mchwa?"

Nilisema hapana, ni mawaridi.

"Na hii nyasi ya nini?"

Nilimwambia ni ya kuzuia baridi.

Aliweka beseni chini. "Baridi gani? Hapa Kampala baridi iko wapi? Imekuja na basi gani?"

Alicheka mpaka akakaa chini, na majirani wawili wakatoka kuona kuna nini, naye akawaeleza. Tangu siku hiyo mtaa mzima ulinisalimia kwa kuuliza habari za baridi. Hata mwalimu wangu wa bayolojia, anayekaa nyumba ya mwisho, aliniuliza kama nimeyashonea sweta. Nilitamani ardhi inimeze nitoke machoni pa watu.

Lakini alipomaliza kucheka, Mama Akwero aliviminya vijiti kimoja kimoja kwa kucha. Baba yake alikuwa mtunza bustani wa misheni huko kwao, naye alikua akimbebea ndoo. Alikwangua gome kidogo karibu na ardhi akanionyesha: chini ya weusi palikuwa na kijani. Mashina manne yalikuwa hai. Mawili, lile la njano na moja la rangi ya waridi hafifu karibu na ngazi, yalikuwa yamekufa kabisa. Naomba unisamehe kwa hayo mawili. Hayatarudi, na mkono uliofanya ni wangu.

Nilitaka kukata sehemu nyeusi papo hapo. Alinipiga mkono kidogo. "Ngoja. Hiyo kitabu yako iliandikwa na mutu ya nchi ya barafu. Yeye anangoja barafu iishe. Wewe unangoja nini?"

Nilisema sijui.

"Unangoja kumbikumbi. Kumbikumbi akiruka, maji imeshuka chini mpaka nyumbani kwake. Siku hiyo ndiyo unakata. Siku moja kabla yake, unaua. Wiki moja baada yake, umechelewa. Baba yangu hakujua kusoma kalenda, na maua yake ilikuwa inakaa mezani kwa askofu."

Basi tulingoja. Tuliondoa nyasi zote na kuwafukuza mchwa kwa majivu. Nilimwagilia kila jioni maji ya kufulia yaliyopoa, kwa kuwa maji safi hayakutosha. Sabuni yenyewe imekuwa adimu hivi kwamba Mama anaihifadhi kwenye kopo lenye kifuniko, na alinung'unika kuwa mawaridi ya wifi yake yanaoga kuliko yeye.

Mvua kubwa ya kwanza ilishuka tarehe kumi na mbili Machi, alasiri. Asubuhi yake nilifungua mlango nikaona hewa yote imejaa mabawa. Watoto walikuwa wamekwisha kuchota kwa vikapu. Mama Akwero alisimama karibu na kichuguu na beseni lake la maji, na katikati ya kazi hiyo, bila hata kugeuka, akaniita, "Leta kisu yako ya mkate niitupe."

Alikuwa amenoa panga lake dogo kwenye jiwe la mlangoni mpaka likakata unywele. Alikata shina la kwanza, akanipa panga nikate matatu yaliyobaki. Unakata kwa mshazari, Shangazi, juu kidogo ya jicho la chipukizi linalotazama nje, ili tawi jipya lisikimbilie katikati na kusongana na mengine. Kitabu kilikuwa kimeeleza jambo hilohilo kwenye ukurasa wa arobaini na mbili, na siwezi kusema kitabu kilikuwa kijinga. Kilijua kukata. Hakikujua Kampala.

Siku hiyo tulikula kumbikumbi wa kukaanga nyumbani kwake, mimi na Mama na binti yake Akwero, na nikagundua kwamba nimezungumza mchana kutwa bila kuona haya.

Baada ya siku kumi yalitoka macho mekundu. Baada ya wiki tatu yalikuwa majani. Aprili ilileta vidukari wanyonyao utomvu kwenye ncha changa, tukawaosha kwa povu la sabuni lililobaki kwenye beseni, na ilileta madoa meusi kwenye majani ya chini, tukayachuma moja moja na kuyachoma. Kila asubuhi kabla ya shule nilikuwa pale. Baba alipita kila asubuhi akienda karakana. Aliinama tu kuloweka gunia la vijiti vyake vya muhogo, ili visikauke, akaenda zake. Navyo vilikuwa vimeanza kuchipua pale ukutani.

Wiki ya kwanza ya Mei yalikuja machipukizi ya maua. Niliandika hesabu kwenye daftari: tisa, kisha kumi na nne. Yote yamefumba kama ngumi. Wiki ya Pentekoste ilianza yakiwa yamefumba. Alhamisi yamefumba. Ijumaa kulinyesha siku nzima na baridi kidogo ikaingia, na jirani mmoja akaniuliza kutoka ng'ambo ya uzio wa matete kama sasa nimeridhika. Jumamosi jioni chipukizi moja la shina la maua meupe karibu na dirisha lako lilikuwa limepasuka kidogo, mstari mweupe mwembamba kama uzi. Nilimwonyesha Baba.

Alivaa miwani yake ya kazi. "Hilo ni tumbo la mama mjamzito," akasema. "Mtoto bado."

Jumapili asubuhi niliamka nikasikia jembe linagonga. Nilitoka mbio bila viatu. Nilijua muda ulikuwa haujafika, maana alisema baada ya kanisa, na nilikuwa nimetayarisha hotuba nzima kuhusu neno lake mwenyewe.

Baba hakuwa mbele ya nyumba. Mbele ya nyumba kulikuwa na maua saba. Jeupe lilikuwa wazi kabisa, kubwa kama bakuli la chai, na tone la maji katikati. Mekundu manne yalikuwa yamefunguka juu ya mashina mawili ya langoni, na mawili ya waridi hafifu yalikuwa nusu. Nilisimama pale na miguu yangu kwenye tope. Sikulia. Mama anasema nililia, lakini ilikuwa mvua ya usiku kutoka kwenye majani.

Sauti ya jembe ilitoka nyuma ya jiko. Nilizunguka nikamkuta Baba na sururu na jembe, shati amevua, anapasua ile changarawe. Alikuwa ameshachimba mashimo kumi. Kumbe alianza Alhamisi jioni, wakati mimi nikihesabu machipukizi, na Mama alijua. Kando yake kulikuwa na karai la samadi alilolitoa kwa Mama Akwero.

"Nimeshaona," akasema kabla sijafungua mdomo. "Niliona saa kumi na mbili. Lete vile vijiti vyangu, havina mahali pengine."

Mama alichuma matano akayaweka kwenye kopo la samli lililosuguliwa likang'aa, tukaenda nayo kanisani. Unakumbuka mezani pale mbele kulikuwa na maua ya plastiki tangu mwaka wa kwanza wa shida. Siku hiyo yaliondolewa. Mhubiri aliuliza ni nani aliyeyapanda. Mama alinisukuma mgongoni. Nilisimama, Shangazi, mbele ya kanisa zima, mimi ambaye nikiitwa darasani hutazama sakafu. Nilisema, "Yamepandwa na shangazi yangu Akeyo. Mimi niliyakata tu." Kisha nikaongeza, sijui nguvu ilitoka wapi, "Na hayakuona baridi." Mama Akwero, aliyekuwa amekaa upande wa wanawake, alicheka kwanza, kisha wakacheka wote, na safari hii nilicheka nao.

Mwalimu wa bayolojia ameniomba niwaeleze wanafunzi wa kidato cha tatu namna ya kukata, na kwa nini tunangoja kumbikumbi. Nimekubali. Itakuwa Jumatano. Nimeandika maneno kwenye karatasi, lakini nadhani sitaisoma.

Mama Akwero hakutaka maua. Aliomba matawi. Amechomeka matano kando ya mlango wake, upande ambao mtu anauona kwanza akitoka barabarani. Alisema tu kwamba mtu akirudi kutoka safari ndefu ni vizuri akute kitu kimebadilika. Nayamwagilia pamoja na yako.

Sasa kuhusu kisanduku. Mletaji wa barua hii ni Bwana Anselme, Mkongo anayeuza vitenge na ambaye huja Kisumu kila mwezi. Atakupa kisanduku cha mbao chenye matundu. Ndani kuna matawi manane: mawili ya kila shina lililo hai. Yamelazwa kwenye vumbi la mbao lililoloweshwa. Usiyafunike na nyasi. Yakishika, usiyakate kwa tarehe ya mtu yeyote, hata kama imeandikwa kitabuni. Waulize watu wa hapo Kisumu kumbikumbi wao huruka lini.

Kisanduku hicho sikukitengeneza mimi. Nilikuwa nimetafuta kopo kuukuu. Baba alilitazama, akalichukua, akaenda nalo karakana, akarudi na kisanduku. Kona zake zimeunganishwa bila msumari hata mmoja. Kigeuze uone chini, ameandika jina lako kwa patasi.

Ndani ya barua nimekuwekea petali za lile ua jeupe la kwanza. Kama hazimo, basi zimeanguka mpakani, mahali bahasha ilipofunguliwa, na nafikiri hata aliyeifungua amenusa kitu kizuri siku hiyo.

Nisalimie sana Nyanya, umwambie somo yake amesimama kanisani akasema. Wasalimie Wanjala na watoto wengine wote wa nyumba. Mama anakusalimu na anasema kama huko sabuni inapatikana, mawaridi yako yanaikumbuka. Mama Akwero anakusalimu pia, ingawa hamjaonana. Anakuita mwenye maua.

Mungu akulinde kifua, akupe mvua kwa wakati wake, na akurudishie kwa wingi kila ulichopanda kwenye nyumba za watu.

Isahihishe tena kwa wino mwekundu, sitaudhika. Safari hii hakuna kosa lililofichwa.

Wako akupendaye, mwenye udongo kwenye kucha,

Ajwang

N.B. Baba amesoma barua hii yote akiwa amesimama. Ameniomba nimwachie nafasi chini ya ukurasa. Nimemwachia mistari mitano, ametumia mitatu.

Dada Akeyo. Mashina yako manne ni mazima.
Muhogo nimeupanda nyuma ya jiko.
Chumba chako hatujampa mtu. Owino.